Mahindi matamu kwenye udongo wa savana: mmeuliza

Nilipanda aina mbili bega kwa bega nizilinganishe. Zote zimetoa punje ngumu, hazina utamu. Mbegu feki?

Sidhani. Inaelekea moja ilikuwa tamu ya kawaida na nyingine tamu sana. Kila moja ina jeni (chembe ya urithi) yake iliyolemaa, na hapo ndipo utamu unapotoka: sukari haigeuki yote kuwa wanga. Zikichavushana, kila upande unampa mwenzake jeni nzima aliyoikosa, na punje inarudi kuwa kama ya mahindi ya kusaga. Dawa ni kuzitenganisha mita 100 au zaidi, ama kupishanisha upandaji kwa wiki 2 hadi 3. Lakini ukipishanisha, mvua haitakuwa ileile, na ulinganisho umekufa. Mimi ningelinganisha tamu sana kwa tamu sana. Ukitaka lazima zote mbili, funika magunzi machache kwa mifuko ya karatasi kabla nywele hazijatoka, uyachavushe kwa mkono kwa chavua ya aina yake, na uonje hayo tu.

Tamu sana inaota nusu. Kulikoni?

Tazama mbegu yake: imekunjamana, akiba ya wanga ni ndogo. Udongo wa juu ukifanya ukoko baada ya mvua, mche unaishiwa nguvu njiani. Fukia sentimita 2 au 3 tu, kwenye unyevu, mbegu mbili kila shimo, kisha punguzia. Tena hesabu mashimo matupu! Mmea wenye nafasi kubwa hutoa gunzi nono, ukaisifu aina bure.

Shamba langu lina sehemu nzuri na mbaya. Nipande wapi?

Kote. Udongo wa savana una naitrojeni na mboji kidogo, na ule mwekundu hushikilia fosforasi mmea usiipate. Halafu palipokuwa na kichuguu zamani unakuta mahindi yamenona peke yake. Aina iliyoangukia hapo itashinda kwa bahati. Rudia kila aina mara 3 au 4, vitalu vipangwe kwa kura, mbolea iwe sawa.

Nivune lini?

Kama siku 20 tangu nywele zitoke, mapema kidogo kukiwa na joto. Minya punje: maji bado, maziwa tayari, unga umechelewa. Pika mengine siku hiyohiyo, mengine yakae hadi kesho bila kupozwa. Tamu ya kawaida itakuwa imepoteza sukari nyingi; tamu sana bado utaifurahia.