Ushauri wa afya umekuwa mwingi: nianze na lipi?

SWALI: Daktari, nina umri wa miaka 44 na sina ugonjwa wowote ninaoufahamu. Kwa miaka 2 nimekuwa nikikusanya ushauri wa afya, na sasa daftari langu lina mambo 31: hatua 10,000 kila siku, glasi 8 za maji, kufunga kula kwa saa 16, vidonge vya vitamini, kuacha sukari na mengine mengi. Nimejaribu kuyatekeleza mara 4, na kila mara nimeshindwa kabla ya mwezi kwisha. Naomba unieleze kitaalamu: yapi ni ya lazima, yafanywe mangapi kwa wakati mmoja, na nikikosa siku moja au mbili, je, nianze upya?

JIBU: Ndugu msomaji, kushindwa kwako hakutokani na uvivu, kwa maana hakuna mtu mwenye kazi na familia anayeweza kubadili mambo 31 kwa mpigo. Kasoro iko katika daftari lenyewe, ambamo kila jambo limeandikwa kwa herufi za ukubwa mmoja, ilhali yako yanayoongeza miaka ya kuishi na yako yasiyobadili chochote. Kazi ya kwanza ni kuyapima uzito.

Kwa kila jambo, jiulize maswali mawili tofauti: ushahidi wake ni thabiti kiasi gani, na athari yake ni kubwa kiasi gani? Watu wengi huyachanganya. Mwaka 2015, wakala wa utafiti wa saratani ulio chini ya Shirika la Afya Duniani uliweka nyama ya kusindikwa katika kundi moja na tumbaku, na wengi wakaelewa kwamba soseji ina hatari sawa na sigara. Kundi hilo linaonyesha tu kwamba ushahidi ni thabiti. Halisemi lolote kuhusu ukubwa wa hatari. Wakala huohuo ulikadiria kwamba kila gramu 50 za nyama hiyo zinazoliwa kila siku huongeza uwezekano wa kupata saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Tuchukue mfano wa hesabu: ikiwa katika watu 1,000 wangeugua 50 maishani mwao, ongezeko hilo lingewafikisha 59. Si jambo la kupuuza, lakini liweke kando ya tumbaku. Utafiti wa madaktari wanaume wa Uingereza, ulioanzishwa mwaka 1951 na Richard Doll na Austin Bradford Hill, ulitoa mwaka 2004 matokeo ya miaka 50 ya ufuatiliaji: wavutaji walifariki takriban miaka 10 mapema kuliko wasiovuta, na waliokoma wakiwa na miaka 50 waliokoa takriban miaka 6 kati ya hiyo. Kwa hiyo, kama unavuta, funga daftari na ushughulikie hilo peke yake, ukiomba msaada wa ushauri nasaha na dawa za kusaidia kuacha sigara, kwa sababu mambo mengine 30 yakijumlishwa huenda yasilifikie.

Kama huvuti, hatua inayofuata ni kupima kabla ya kuongeza lolote. Nasisitiza hapa kwa sababu ndipo ninapoona watu wengi wakipoteza muda: mtu anabishana kwa miezi kuhusu saa ya kula, huku hajui shinikizo lake la damu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu wazima bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 wana shinikizo la juu, na karibu nusu yao hawajui, kwa kuwa kwa kawaida halina dalili hadi lidhuru moyo, figo au ubongo. Kipimo chenyewe kina masharti yake: usivute sigara wala kunywa kahawa katika nusu saa iliyotangulia, kaa kimya kwa dakika 5 ukiwa umeegemea, miguu ikikanyaga sakafu, mkono ulio wazi uwe juu ya meza, sawa na kimo cha moyo, usizungumze mashine inapofanya kazi, kisha rudia baada ya dakika moja. Usomaji wa 140 kwa 90 au zaidi, ukijirudia katika siku tofauti, unahitaji daktari. Pima sukari ya damu pia, na uulize ni uchunguzi gani wa saratani unaofaa kwa umri na jinsia yako.

Baada ya hapo, yanayobaki ni machache kuliko unavyodhani. Mazoezi ya mwili ndiyo yenye ushahidi mwingi zaidi: miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 inawataka watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya nguvu ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2. Hatua 10,000 hazikutoka maabara. Zilienezwa na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, ambacho jina lake, manpo-kei, lilibeba idadi hiyo. Faida kubwa huonekana mtu anapotoka katika kukaa tu na kuanza kutembea kidogo, hata kama hafiki huko. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, mboga na matunda yafike gramu 400, usingizi usipungue saa 7, na pombe kadiri inavyopungua ndivyo inavyokuwa bora.

Glasi 8 za maji unaweza kuzifuta, kwa kuwa mtu mzima mwenye afya huongozwa vizuri na kiu, na sehemu ya maji hutoka katika chakula. Kufunga kwa saa 16 ni njia mojawapo tu ya kupunguza kiasi cha chakula. Atumiaye insulini asijaribu bila kumwuliza daktari wake. Vitamini za vidonge zina nafasi pale upungufu unapothibitishwa au katika hali maalumu kama ujauzito.

Kuhusu idadi, jibu langu ni moja kwa wakati, likifungwa kwenye jambo ambalo tayari hulikosi, kwa mfano kutembea dakika 15 mara tu baada ya chakula cha mchana. Phillippa Lally na wenzake wa Chuo Kikuu cha London, University College London, waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga tabia mpya. Mtu wa katikati alihitaji takriban siku 66 kabla jambo halijawa mazoea, huku wengine wakikadiriwa siku 18 na wengine 254. Tazama sasa majaribio yako 4: yote uliyakatiza kabla ya siku 30, tena ukiwa na mizigo 31. Watafiti haohao waliona kwamba kukosa siku moja hakukuharibu mazoea yaliyokuwa yakijengeka, kwa hiyo usianze upya. Endelea kesho yake pale ulipoachia.

Mpangilio huu una sharti moja. Shinikizo au sukari ikionekana kuwa juu, matibabu na miadi ya kliniki ndiyo yatakayotangulia, na mwendo na chumvi vitafuata sambamba na dawa, si badala yake.