Karata za mwisho zisiwe makapi

Mdogo wangu wa Masasi, umesema mchezo wa karata unaoubuni, ule wa kukusanya korosho na mazao mengine, unachosha: kila mtu anapewa karata 7, anachagua moja, zinazobaki anampitishia wa kushoto, na zikifika za mwisho hakuna anayewaza tena.

Kupitisha hakuna kosa, tatizo ni thamani. Korosho daraja la kwanza inamfaa kila mtu, sasa hapo mchezaji anaamua nini? Thamani itegemee alichokwisha kukusanya. Gunia moja lipate pointi 1, mawili 3, matatu 6, na karata ya ghala isizae kitu bila magunia. Hapo ufuta nisioutaka mimi utakuwa ndio unaoutafuta wewe, na itanibidi niamue kama nikunyime.

Hiyo idadi ya 7 usiiguse! Mkiwa wanne, fungu la kwanza linakurudia likiwa na karata 3. Raha yote iko pale: niiache mbaazi hii, nitaikuta?

Mkiwa wawili, kila mmoja achague moja na atupe moja kabla ya kupitisha. Tumia vipande vya boksi na penseli kwanza, tafadhali, usikimbilie kuchapisha Mtwara mjini.