Ng'ang'a anahitaji ritifaa ngapi?

Wiki hii barua karibu zote zinahusu kitu kimoja: majina yetu ya ukoo, na mengine yasiyo ya kawaida, yakiingia kwenye sentensi ya Kiingereza. (Ritifaa ni ile alama ndogo ya ' juu ya mstari.)

Shikamoo Mwalimu. Naandika barua ya ofisi kuhusu gari la Bwana Ng'ang'a. "Ng'ang'a's car" ni sawa? Naona ritifaa zimejaa kama siafu. (Karani, Thika)

Marahaba. Ni sawa, ziache zote tatu. Mbili za kwanza ni za jina lenyewe, zinalinda ile sauti ya ng'ombe isigeuke ya ngoma. Ya tatu ndiyo ya kumiliki. Kompyuta ikipiga mstari mwekundu, iache ipige. Penye ubishi ni majina yanayoishia na s, kama Abbas: mwongozo wa uandishi wa Chicago huandika "Abbas's", shirika la habari la AP huandika "Abbas'". Mimi niko na Chicago, maana ndivyo mdomo unavyotamka.

Kamati yetu ya harusi imechapisha kadi 300 zenye maneno "The Mushi's invite you". Kijana mmoja wa chuo anasema tumekosea. Hela imeshalipwa. (Mweka hazina, Moshi)

Kijana yuko sahihi, poleni. "The Mushi's" ni kitu cha Mushi, na msomaji anabaki akingoja aambiwe ni kitu gani. Gari? Ng'ombe? Akina Mushi ni "the Mushis", bila ritifaa. Kiingereza hakina neno kama "akina", kwa hiyo jina lenyewe hubebeshwa wingi: the Obamas, the Joneses. Tena jina halifumuliwi tahajia yake. "Lady" huwa "ladies", lakini akina Kennedy ni "the Kennedys", y yao wamebaki nayo. Na akina Abbas? Kisarufi ni "the Abbases". Mimi singethubutu kuliweka kwenye kadi. "The Abbas family" linatosha. Zile kadi 300 msizitupe. Mgeni wa harusi anatazama ukumbi, saa, na kama kadi ni singo au dabo.

Bosi ameandika "A Mr Mwakyusa came to see you". Hiyo "a" ni dharau? (Mapokezi, Mbeya)

Hapana. Maana yake ni "bwana mmoja aitwaye Mwakyusa", yaani bosi hamfahamu. Ila kama Mwakyusa ni jirani yake wa miaka kumi, hapo ana haki ya kununa.

Jina Cholmondeley, la ukoo wa akina Delamere, hutamkwaje? (Naivasha)

Chamli. Ndiyo, herufi zote hizo kwa silabi mbili. Na kuna mtego mwingine: Delamere ni cheo, Cholmondeley ndiyo jina la ukoo. Hugh Cholmondeley, yule mlowezi aliyefariki mwaka 1931, huandikwa "Lord Delamere". Ukiandika "Lord Cholmondeley" umemtaja bwana mwingine kabisa, maana Uingereza kuna cheo cha jina hilo pia. Si jina hilo peke yake. Featherstonehaugh wapo wanaolitamka Fansho. Menzies, kwa Waskoti, ni Mingis: zamani palikuwa na herufi ya Kiskoti iliyofanana na z, wapiga chapa hawakuwa nayo, wakaweka z. Kwa hiyo Mwingereza akikulalamikia kwamba Mkapa ni gumu, mwandikie Featherstonehaugh kwenye karatasi, umwombe asome.

Majina yangu ni langu, la baba na la babu. Huku kazini naitwa "Ms" na jina la babu. Nimechoka. (Mtanzania, Birmingham)

Pole, dada. Kiingereza huweka Mr au Ms mbele ya jina la mwisho, kikidhani ni la ukoo. Hata Rais wetu yamemkuta: magazeti ya Kiingereza ya nyumbani huandika "President Samia", ya nje mengine huandika "Ms Hassan". Waisilandi wengi nao hawana jina la ukoo, na kitabu chao cha simu kilipangwa kwa jina la kwanza. Chini ya barua pepe zako andika jina unalotaka kuitwa. Babu hatakasirika.

Kwa nini "diesel" haina herufi kubwa, na ni jina la mtu? (Fundi, Kariakoo)

Rudolf Diesel, Mjerumani. Jina likishaanza kupimwa kwa lita, herufi kubwa huanguka. James Watt yamempata hayo hayo kwenye kipimo cha umeme, "watt". Kapteni Charles Boycott hakungoja hata kufa: wapangaji wa Ireland walimsusia mwaka 1880, na jina lake likawa kitenzi, "boycott", yaani kususia, angali hai.