Kazi za Likoni, kazi za kisiwani

Tarakimu moja ilinikosesha mteja. Alitaka nimpelekee hesabu zake saa nne asubuhi, nikaandika 4 kwenye simu. Simu nayo ikanikumbusha saa kumi alasiri, mwenyewe keshapanda matatu ya Malindi. Siku hizi mdomo unasema saa nne, kidole kinaandika 10:00.

Nawatunzia wenye maduka vitabu vya hesabu. Nakaa Likoni, wateja karibu wote wako ng'ambo, kisiwani Mombasa, kwa hivyo siku yangu inakatwa na feri. Nilipoanza na Todoist, programu ya simu ya kuorodhesha kazi, nilizipanga kwa umuhimu: za haraka nyekundu, nyingine zisubiri. Wiki mbili hazijaisha, kila kitu chekundu! Halafu nishavuka, nishavua viatu nyumbani, ndipo nakumbuka risiti nimeziacha sokoni Marikiti.

Sasa kila kazi naipa lebo ya mahali: Likoni, Marikiti, Biashara Street. Jioni kabla sijateremka kwenda feri nafungua lebo za kisiwani peke yake. Ikiwa imebaki hata moja, sivuki. Ipo na lebo ya "simu tu", hiyo ni ya kwenye foleni ya feri. Tarehe nimeziwekea kodi pekee, PAYE (kodi ya mishahara) tarehe 9 na VAT (kodi ya ongezeko la thamani) tarehe 20, zinajirudia kila mwezi, na kengele inalia siku nne kabla.

Nilimshauri binamu yangu anayeuza leso aige mtindo wangu. Akanicheka. Yeye duka lake ni moja, mahali patamsaidia nini? Anatumia Trello, programu ya kupanga kadi kwenye safu, na zake ni nne: imeagizwa, imefika, haijalipwa, imechukuliwa. Kila oda ni kadi yenye picha ya leso na jina lake, maana wateja wake huulizia jina kabla ya rangi. Mteja akilipa na kubeba, kadi inavutwa kwa kidole hadi safu ya mwisho. (Mtindo huu wa kadi asili yake ni viwanda vya Toyota, Japani, wanauita kanban.) Siku safu ya "haijalipwa" ilipozidi urefu wa kioo cha simu, alisitisha oda mpya. Kwenye daftari deni hilo lilikuwa limejificha kurasa tofauti.

Mume wangu hujiandikia ujumbe WhatsApp, basi. Na mkate hajausahau hata siku moja.

Kwa hivyo kabla hujapakua chochote, jichunguze: ulichosahau hukujia lini? Ukifika mahali? Ukiona kitu kimeishia njiani? Ukisikia adhana? Panga kwa hicho, na uanze na kazi za wiki moja, usihamishe maisha yote usiku mmoja kama nilivyofanya mimi.

Kazi moja tu lebo zimenishinda: kudai pesa zangu. Iko chini ya "simu tu". Kila jioni kwenye foleni naiona, naisogeza kesho, feri inafika.