Nimemsamehe kaka yangu, mbona moyo bado unauma?

Swali: Assalaam alaykum Sheikh. Kaka yangu alikula sehemu yangu ya mirathi ya baba. Baadaye aliniomba radhi, nikamwambia nimekusamehe. Lakini nikisikia tu sauti yake moyo unaenda mbio, na usiku najikuta namjibu maneno ambayo siku ile sikuyasema. Je, msamaha wangu ni wa uongo?

Jibu: Wa alaykumu ssalaam warahmatullah. La, dada yangu, si wa uongo. Kusamehe ulikufanya kwa hiari yako. Maumivu hukuyaita, yamekuja yenyewe.

Wahshi ndiye aliyemuua kwa mkuki Hamza, ami yake Mtume (s.a.w.), katika vita vya Uhud. Miaka ikapita, akaja kusilimu. Mtume akaupokea Uislamu wake, wala hakumlipiza kisasi. Lakini alimuuliza kama angeweza kumfichia uso wake. Kisa hiki kimo katika Sahih al-Bukhari, na mimi kila nikikisoma husita hapo. Ikiwa kifua kile kiliona uzito, wewe unajilaumu nini?

Ila hayo majibizano ya usiku yaangalie. Ukiirudia kesi kichwani, mwili unaghadhibika kana kwamba inatokea sasa hivi, na fundo linazidi kukaza. Inuka utie udhu, kisha umwombee dua japo kwa shingo upande. Mwanzoni itatoka kavu, hakuna neno.

Abu Bakr naye aliapa kutompa tena chochote Mistah, jamaa yake masikini, aliposhiriki kumzushia uchafu bibi Aisha, bintiye Abu Bakr na mke wa Mtume. Ikashuka aya ya 22 ya Surat an-Nur: "Je, nyinyi hampendi Mwenyezi Mungu akusameheni?" Akasema naam, akamrudishia matumizi yake. Aya haikumuuliza kama hasira imeisha.

Kwako wewe kianzio ni salamu, maana tumekatazwa kuhamana zaidi ya siku tatu. (Hizo tatu zenyewe zinaonyesha dini inajua binadamu hukasirika.) Kushinda naye kutwa hukulazimishwa.

Ama mali, kuombwa radhi peke yake hakuifuti haki yako. Ikiwa ulimsamehe ubaya wake tu, hukumwachia fungu lako, mwambie waziwazi mbele ya mtu mnayemwamini nyote wawili, na alirudishe, hata kidogo kidogo. Huenda moyo unaenda mbio kwa sababu deni lenyewe halijalipwa.

Wallahu a'lam.