Senga, mume anataka Matugga, mama mkwe anataka Tororo

Barua ya leo kwangu mimi Senga, yaani shangazi wa kutoa ushauri, imetoka kwa mama mmoja wa Bwaise hapa Kampala, nimeifupisha kidogo tu.

"Senga, nisaidie. Nina miaka 33, watoto wawili, mkubwa yuko P3, darasa la tatu, na mdogo ana miaka minne. Tumepanga vyumba viwili hapa Bwaise, mvua ikinyesha maji yanaingia ndani hadi tunapandisha godoro juu ya meza, na huyu mdogo kifua hakimwachi. Mimi nauza mivumba, nguo za mitumba, soko la Owino, mume anachomelea mageti Katwe. Tumeweka akiba milioni 14. Mume anataka tununue kiwanja Matugga, nje ya mji, broka ameshampeleka kukiona, wanataka milioni 12, eti tukinunua tunaanza kujenga pole pole tuhamie hata kama hakuna plasta. Mama mkwe anasema turudi Tororo, kule mashariki karibu na mpaka wa Kenya, nyumba ya marehemu baba mkwe iko wazi, hatutalipa kodi. Mimi naogopa huku na huku, na nikisema naogopa mume ananiambia nimeshazoea raha za mji. Nifanye nini?"

Mwanangu, pole sana. Kwanza nikwambie mumeo hajakosea kutaka mtoke hapo. Bwaise ni bonde, maji ya milima yote inayowazunguka yanashuka kwenu kwenda Lubigi, na mtoto mwenye kifua hawezi kulala kwenye chumba ambacho ukuta haukauki. Kwa hiyo kutoka mtatoka, hilo tusibishane.

Lakini nyinyi mmekaa mnahesabu pesa tu, kodi kiasi gani, kiwanja kiasi gani, hamjahesabu masaa, na mimi masaa ndiyo yaliyoniumiza. Mwaka 2009 tulihama mjini tukaenda kujenga upande wa Seeta, tulifurahi bana, uwanja mkubwa, kuku, upepo. Nilikuwa natoka saa kumi na nusu usiku ili niwahi kazini, narudi saa tatu kasoro kwa jamu ya Jinja Road, watoto nawaacha wamelala nawakuta wamelala. Siku moja Jumapili nikamwambia binti yangu wa miaka mitano aje nimsuke, akakataa, akaenda kukaa katikati ya miguu ya dada wa kazi na kitana chake mkononi, kwa sababu ndiye aliyezoea kumsuka. Nilienda jikoni nikalia. Nyumba ilikuwa yangu, hati ilikuwa yangu, mtoto alikuwa amehama.

Sasa chukua biashara yako. Mtu wa mivumba anajua, beli likifunguliwa alfajiri wewe haupo, zile nzuri zinachaguliwa na wenzako, wewe unabaki na zile za kurundika chini mtu anachagua kwa elfu moja. Kutoka Bwaise hadi Owino ni karibu, hata ukichelewa kuamka unachukua boda unafika. Kutoka Matugga ni kama kilomita 20, unapita Kawanda, Maganjo, Kawempe, halafu unakuja kukwama hapo hapo Bwaise unapopakimbia na tena Kubbiri, na mvua ikinyesha taksi wanapandisha nauli. Na mumeo Katwe ni mbali zaidi ya hapo, lazima avuke mji mzima. Huyo wa P3 atapokelewa na nani saa tisa akitoka shule? Mdogo akibanwa kifua usiku, kliniki iko wapi na boda wa saa nane za usiku ni nani? Kaeni chini muyajibu haya wawili kwa sauti, usimwachie yeye peke yake wala usiyabebe peke yako.

Mimi ningekuwa wewe ningefanya hivi, ningepanda mlima. Kampala hii watu wanaongea mji na nje ya mji lakini tofauti kubwa mara nyingi ni bonde na mlima, unaweza kutembea dakika ishirini kutoka kwenye maji ukafika mahali pakavu. Tafuteni chumba upande wa Kazo juu, au Kawempe kule kwenye mwinuko, au mkitaka kusogea zaidi basi Maganjo, vyumba viwili hata kama ni vidogo kuliko hivyo vyenu. Nendeni kukiona mvua ikiwa inanyesha au imeacha sasa hivi, gusa ukuta chini karibu na sakafu, ukiona rangi imevimba au kuna mstari wa tope ondokeni. Muulize jirani mwanamke anayefua nje, sio mwenye nyumba.

Na kama mume roho yake iko Matugga kweli, sawa, pangeni Matugga miezi mitatu kabla ya kununua. Mtajua kila kitu wenyewe, jamu, maji, shule, na nyinyi wawili mtakuwa mnabishana juu ya kitu mlichokiishi.

Halafu hicho kiwanja. Huko ni Buganda, ardhi nyingi ni mailo, yaani ina mwenye hati lakini watu wengine wanaweza kuwa wamekaa juu yake, na ukisikia broka anasema kiwanja hujui kama ni chenye hati au ni kibanja. Kibanja ni haki ya kukaa juu ya ardhi ya mtu mwingine, Sheria ya Ardhi ya 1998 inaitambua, lakini mwenye kibanja akitaka kuuza inabidi mwenye ardhi aambiwe kwanza na akubali. Barua ya LC1, mwenyekiti wa kijiji, na mashahidi wanne haitoshi, jamani. Mimi pale Seeta nilipoteza pesa za kiwanja cha kwanza, broka alikuwa mpole, ananiita mama, kumbe kile kiwanja kilishauzwa kwa watu wawili kabla yangu. Hakuna siku sikumbuki ile hela. Kwa hiyo kama wanasema kina hati, mwombe namba za hati, nendeni ofisi ya ardhi ya Wakiso mkafanye sechi wenyewe, yaani mkague hati ni ya nani, msimtume broka, halafu mlete savea, mpima ardhi, afungue mipaka. Kama ni kibanja mtafuteni mwenye ardhi mumwone kwa macho. Na jina lako liandikwe kwenye makubaliano pamoja na la mumeo, pesa za Owino zimo ndani ya hizo milioni 14. Tena mkitoa 12 mnabaki na mbili, hizo hazifiki hata kwenye paa, usikubali kwenda kulala kwenye nyumba isiyo na madirisha na mtoto wa kifua.

Tororo sitasema mengi. Ni mji mzuri, maisha ni nafuu, Malaba iko karibu na kuna biashara ya mpakani, na kama mngekuwa na mtaji wa kuanza huko ningekwambia fikiria. Lakini nyumba ya marehemu ina ndugu wengine, leo wanasema bure, kesho shemeji anarudi kutoka Kenya anataka chumba chake. Mama mkwe mjibuni kwa heshima, mpelekeeni watoto likizo ya Desemba, akae nao wiki tatu, labda anachotaka hasa ni sauti za watoto kwenye ile nyumba.

Kuhusu lile neno la raha za mji, limekuumiza, nimeona. Usimjibu kwa hasira. Mwambie siku moja asiende Katwe, aje akae na wewe mezani Owino kuanzia alfajiri hadi jioni, aone ada ya P3 inatoka wapi.

Na huyo mdogo mpeleke hospitali kesho asubuhi, usingojee mpaka mhame.