Diski imeongezwa, seva haioni

SWALI: Mzee habari ya kazi. Mimi niko Busia, ofisi ya kuklia mizigo hapa mpakani. Seva yetu ya kukodi ni Debian (aina ya Linux), diski ya giga 40 ilikuwa inajaa nikalipa kwa mobail mani wakaiongeza mpaka 100, lakini df -h, komandi ya kuonyesha nafasi ya diski, bado inasoma 37 na imejaa asilimia 97, nikipiga growpart ya kupanua patisheni (kipande cha diski) inanijibu NOCHANGE, yaani hakuna kilichobadilika, basi. Madereva wanangoja makaratasi, mchana siwezi kuizima. Nifanyeje?

JIBU: Kijana hujakosea, ni swapu imekuzibia njia, ile sehemu ya diski inayosaidia ramu ikijaa. Piga lsblk ikuorodheshee patisheni za diski, nadhani utaona sda1 ndo kuna mfumo wote, halafu sda2 ya 1K na sda5 ya giga 2 ambayo ndo swapu. Hiyo sda2 usiishangae, ni ganda tu la kubebea sda5. Sasa zile giga 60 mpya ziko ng'ambo ya swapu, na patisheni hairuki jirani yake, we wa Busia foleni ya malori unaijua, lori la mbele likilala hakuna anayepita.

Kwanza bakapu, na ikae nje ya hiyo seva. Halafu fungua tmux, inayoacha komandi iendelee kwenye seva hata ukikatika, ndo ufanyie kazi humo, maana umeme ukikatika hapo kwenu seva iko mbali haijui, ila laini yako ikifa katikati komandi nayo inaweza kufa.

Angalia free -h, inaonyesha ramu na swapu. Kama ramu iliyobaki inaweza kumeza vilivyoko kwenye swapu andika swapoff -a kuizima swapu, kama haitoshi ngoja usiku, ukilazimisha ramu inaweza kujaa na programu zikaanza kuuawa, hata databesi yenyewe. Kisha parted, programu ya kugawa diski, futa patisheni ya 5 halafu ya 2, na soma namba mara mbili, parted haikuulizi kuhifadhi, ukibonyeza enta imeshafuta. Sasa growpart /dev/sda 1, acha nafasi kabla ya hiyo 1, wengi wanaishikanisha wanaanza kulaumu seva. Malizia na resize2fs /dev/sda1 ili mfumo wa faili ujaze hiyo nafasi, ukiwa ni ext4 unapanuka watu wakiendelea na kazi (kuupunguza ndo lazima uuchomoe kwanza, yaani unmount). Kama mfumo wa faili ni XFS basi ni xfs_growfs /.

Swapu irudishe kama faili tu, giga 2 inatosha, na kwenye /etc/fstab, faili la orodha ya diski seva inazozifungua ikiwaka, toa mstari wa swapu ya zamani. Ukiusahau, siku utakayoristati seva itakaa sekunde 90 inaitafuta swapu uliyoifuta na wewe huko Busia utadhani imekufa.